Selimundu: Ufunguo umepatikana, mlango wa Afrika bado haujafunguka

Tarehe 16 Novemba 2023, mamlaka ya udhibiti wa dawa ya Uingereza iliidhinisha tiba ya kwanza duniani iliyotokana na teknolojia ya kuhariri jeni iitwayo CRISPR. Tarehe 8 Desemba mwaka huohuo, Marekani nayo ikatoa kibali. Tiba hiyo, Casgevy, inawahusu wagonjwa wa selimundu wenye umri wa miaka 12 na kuendelea. Ni ugonjwa uleule ambao wengi katika Afrika Mashariki huuita sikoseli, na ambao katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wanaougua hutambulishwa kwa herufi mbili tu, SS.

Takwimu zilizowasilishwa mbele ya wadhibiti wa Marekani zilikuwa za kutia moyo. Kati ya wagonjwa 31 waliokuwa wamefuatiliwa kwa muda wa kutosha, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila kupatwa na maumivu makali yanayowapeleka wagonjwa hospitalini mara kwa mara. Lakini bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Tangu wakati huo mazungumzo mengi yamehusu mambo mawili: maajabu ya CRISPR, iliyowapatia Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020, na bei hiyo isiyofikika. Yote mawili ni ya kweli, ila yanaacha jambo la tatu ambalo kwa nchi za ukanda huu huenda ndilo zito zaidi. CRISPR ni mkasi, na mkasi haumsaidii fundi asiyejua pa kukata. Mahali pa kukata palijulikana baada ya utafiti wa miongo kadhaa kuhusu namna mwili unavyowasha na kuzima jeni zake, na ujuzi huo unaweza kutumika hata pasipo mkasi.

Kosa la herufi moja

Himoglobini ni protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu, na kazi yake ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuisambaza mwilini. Kwa mtu mzima huundwa na minyororo minne: miwili ya alfa na miwili ya beta. Mwenye selimundu amerithi, kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, jeni ya beta iliyobadilika kwa herufi moja tu ya DNA.

Badiliko hilo dogo lina madhara makubwa. Himoglobini hiyo ikiachia oksijeni hushikamana na kufanya nyuzi ngumu, na chembe iliyokuwa ya mviringo hupinda mfano wa mundu. Chembe zilizopinda huziba mishipa midogo, huleta maumivu makali, na huharibu wengu, figo na ubongo. Tena hufa upesi. Chembe ya kawaida huishi takriban siku 120, ilhali ya selimundu huishi kati ya siku 10 na 20, na ndiyo sababu mgonjwa hupungukiwa damu kila mara.

Daktari James Herrick wa Chicago alizieleza chembe hizo mwaka 1910. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro imo katika himoglobini yenyewe, na katikati ya miaka ya 1950 Vernon Ingram akabainisha badiliko halisi. Selimundu ikawa miongoni mwa magonjwa ya kwanza kufahamika hadi kwenye molekuli. Hata hivyo kujua kasoro ilipo hakukuleta tiba, na wagonjwa waliendelea kufa.

Kinga anayozaliwa nayo mtoto

Dalili ya kwanza ya njia nyingine ilitokana na uangalifu wa daktari wa watoto. Mwaka 1948, Janet Watson wa New York aliona kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawaugui katika miezi yao ya mwanzo, na chembe zao hazipindi kwa urahisi. Alihisi kwamba kinachowakinga ni himoglobini waliyotoka nayo tumboni.

Kijusi hutumia himoglobini yake ya pekee, yenye minyororo ya gama mahali pa ile ya beta, ambayo huishika oksijeni kwa nguvu zaidi ili kuivuta kutoka katika damu ya mama. Baada ya kuzaliwa, jeni ya gama huzimwa taratibu na ya beta hushika zamu. Kwa mtoto wa kawaida mabadiliko hayo hayana madhara. Kwa mtoto mwenye selimundu ndiyo mwanzo wa mateso: anapokaribia miezi sita vidole huvimba, homa huanza, na wazazi huanza safari za hospitali.

Katika miaka ya 1950 madaktari waliokuwa wakifanya kazi barani Afrika, wakiwemo wa Ghana na Uganda, waliandika kuhusu watu wazima wenye afya ambao damu yao haikuacha kutengeneza himoglobini ya kijusi. Waliporithi jeni ya selimundu juu yake, hawakupata mateso ya wagonjwa wengine. Baadaye ilionekana pia kwamba wagonjwa wengi wa mashariki mwa Saudi Arabia, ambao wana kiasi kikubwa cha himoglobini hiyo, huugua kwa wepesi kuliko wenzao wa Afrika.

Swali likawa wazi: ni nini kinachoizima jeni ya gama, na je, kinaweza kuondolewa?

Mwanasayansi na swichi

Aliyeshikilia swali hilo kwa muda mrefu kuliko wengi ni Stuart Orkin, daktari wa watoto na mwanabiolojia wa molekuli wa Hospitali ya Watoto ya Boston na Chuo Kikuu cha Harvard. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alichangia kuorodhesha mabadiliko ya jeni yanayosababisha thalasemia, ugonjwa mwingine wa himoglobini. Mwaka 1989 maabara yake ilikuwa miongoni mwa zilizoitambua GATA1, protini inayoongoza utengenezaji wa chembe nyekundu za damu.

Msingi wa fani hiyo uliwekwa na Wafaransa François Jacob na Jacques Monod. Mwaka 1961, wakichunguza bakteria, walionyesha kwamba ziko jeni ambazo kazi yake ni kuamua jeni nyingine zifanye kazi lini. Kila seli ya mwili ina kitabu kizima cha urithi, lakini seli ya ini husoma kurasa zake na seli ya damu husoma zake. Anayesoma ukurasa usio wake huleta maradhi. Na wakati mwingine, kama ilivyo kwa selimundu, ukurasa uliofungwa ndio wenye dawa.

Kwa miaka mingi swichi ya gama haikuonekana. Mafanikio yalikuja wanasayansi walipobadili mbinu: badala ya kukisia jeni inayohusika, walichunguza DNA yote ya watu wenye himoglobini nyingi ya kijusi na kuilinganisha na ya wenye kidogo. Mwaka 2007 kundi la Swee Lay Thein, aliyekuwa London, lilionyesha kwamba sehemu moja katika kromosomu ya pili inahusika. Mwaka 2008 uchunguzi uliofanyika katika kisiwa cha Sardinia nchini Italia, na mwingine wa Boston, ulithibitisha. Hapo palikuwa na jeni iitwayo BCL11A, ambayo ilijulikana kwa habari za saratani za damu na haikuwa imehusishwa na himoglobini.

Mwishoni mwa mwaka 2008 Vijay Sankaran, aliyekuwa mwanafunzi katika maabara ya Orkin, pamoja na wenzake, walichapisha katika jarida la Science jibu lililosubiriwa. Protini inayotokana na BCL11A ndiyo inayoizima jeni ya gama. Ikipunguzwa, himoglobini ya kijusi hurudi. Mwaka 2011 kundi hilohilo likaonyesha kwamba panya wenye selimundu ya binadamu hupona BCL11A inapoondolewa katika seli zao za damu.

Kizuizi na njia ya kukikwepa

Ushindi huo ulikuwa na kizuizi kikubwa. BCL11A ina kazi nyingine katika ubongo, katika seli za kinga na katika seli mama zinazozalisha damu. Panya wanaozaliwa bila jeni hiyo kabisa hufa. Kuiharibu ndani ya mgonjwa kungekuwa sawa na kuezua nyumba nzima kwa sababu ya bati moja linalovuja.

Njia ya kukwepa kizuizi hicho ilipatikana mwaka 2013. Daniel Bauer, Orkin na wenzao walichunguza tofauti za DNA zilizoonekana kwa watu wenye himoglobini nyingi ya kijusi. Waligundua kwamba tofauti hizo hazimo katika sehemu ya jeni inayotoa maelekezo ya kutengeneza protini. Zimo katika kipande cha DNA ambacho kazi yake ni kuichochea BCL11A, tena ndani ya seli zinazotengeneza chembe nyekundu pekee. Kipande hicho kikiharibiwa, BCL11A hupungua kwenye damu nyekundu na kubaki salama kwingineko.

Mwaka 2015 walitumia CRISPR kukata kipande hicho hatua kwa hatua, mahali baada ya mahali, hadi wakapata eneo dogo ambalo likikatwa kichocheo kizima hulegea. Casgevy hukata eneo hilo. Haisahihishi kosa la herufi moja lililoleta ugonjwa. Kosa hubaki pale pale. Inachofanya ni kuondoa zuio na kuiacha himoglobini ya kijusi irudi kazini. Mgonjwa wa kwanza wa selimundu nchini Marekani alipewa tiba hiyo mwaka 2019.

Athari ya kazi hii katika taaluma imevuka mipaka ya selimundu. Chunguzi za DNA nzima zimeonyesha maelfu ya sehemu zinazohusishwa na kisukari, shinikizo la damu na maradhi mengine, na nyingi kati ya hizo ziko nje ya sehemu zinazotengeneza protini. Wakosoaji walikuwa wakiuliza orodha hizo ndefu zina faida gani. Kisa cha BCL11A kiliwapa watafiti mfano kamili wa njia nzima, tangu tofauti ndogo ya DNA katika jamii ya watu hadi mgonjwa anayetoka hospitalini akiwa na nafuu. Mwaka 2024 Orkin na Thein walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Shaw ya sayansi ya uhai na tiba. Kabla ya hapo, mwaka 2020, Orkin alikuwa amepata Tuzo ya Mfalme Faisal ya udaktari nchini Saudi Arabia.

Mchango wa Afrika Mashariki

Ni rahisi kuisoma historia hii kana kwamba yote yalitendeka ng'ambo. Sivyo. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Kenya na Uganda, na mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba aliyerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Hiyo ndiyo sababu jeni hiyo imeenea zaidi katika maeneo yenye malaria ya miaka mingi, tangu mwambao wa Bahari ya Hindi hadi bonde la mto Kongo. Ugunduzi huo hufundishwa katika vyuo vya tiba duniani kote.

Nchini Tanzania, watafiti wa Muhimbili wakiongozwa na Julie Makani walianza mwaka 2004 kuwaandikisha na kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu jijini Dar es Salaam, na kundi hilo likawa mojawapo ya makubwa zaidi ya aina yake. Mwaka 2011, Makani na Siana Nkya, wakishirikiana na kundi la Thein, walichapisha katika jarida la Blood uchunguzi kuhusu himoglobini ya kijusi kwa wagonjwa wa Tanzania na wa Uingereza wenye asili ya Afrika. Uchunguzi wa awali kuhusu selimundu ulikuwa umefanyika kwa watu wenye asili ya Afrika wanaoishi nje ya bara.

Matokeo yalikuwa na mafunzo mawili. La kwanza, BCL11A na sehemu nyingine mbili zilizojulikana zina nguvu kwa Watanzania pia, hivyo swichi iliyogunduliwa kwa kupima Wazungu ipo na kwa Waafrika. La pili, katika mojawapo ya sehemu hizo, alama zilizopatikana Ulaya hazikutosha kueleza hali ya wagonjwa wa Tanzania. Watafiti walihitimisha kwamba uchunguzi wa jeni unaofanyika Afrika kwenyewe unaweza kufichua sehemu nyingine zisizojulikana bado. Kwa maneno mengine, Afrika yenye wagonjwa wengi zaidi ndiyo iliyochunguzwa kidogo zaidi, na huenda dawa ya kesho imejificha katika damu ambayo haijapimwa.

Bei, na kilicho zaidi ya bei

Makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2023 yanaonyesha kwamba mwaka 2021 walizaliwa watoto wapatao 515,000 wenye selimundu duniani, na zaidi ya robo tatu yao walizaliwa Afrika kusini mwa Sahara. Nchini Uganda, uchunguzi wa sampuli zaidi ya 97,000 za damu za watoto wachanga, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba asilimia 13.3 walikuwa wamebeba jeni hiyo na asilimia 0.7 walikuwa wagonjwa. Katika baadhi ya wilaya waliobeba jeni walizidi asilimia 20.

Hata Casgevy ingetolewa bure, hospitali nyingi za ukanda huu zisingeweza kuitumia. Seli mama za mgonjwa hutolewa, hupelekwa maabara maalumu kuhaririwa, na mgonjwa hupewa dawa kali za kuondoa uloto wake kabla ya kurudishiwa seli zake. Hukaa hospitalini kwa wiki kadhaa akiwa hana kinga, na dawa hizo zinaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa. Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma imeanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, hatua inayoonyesha kwamba utaalamu wa aina hiyo unaweza kujengwa hapa. Lakini ni njia ya wachache.

Hapo ndipo ujuzi wa swichi unapokuwa na thamani kuliko tiba moja iliyotokana nao. Hataza hulinda bidhaa. Haizuii mtu kufahamu kwamba himoglobini ya kijusi ikipandishwa, ugonjwa hupungua. Mwaka 2019 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na Wakfu wa Gates zilitangaza kutenga angalau dola milioni 200 kwa miaka minne kutafuta tiba za jeni za selimundu na VVU zitakazowezekana katika nchi maskini, lengo likiwa tiba inayotolewa bila kuondoa seli mwilini. Mwaka 2024 watafiti wa kampuni ya Novartis waliripoti katika jarida la Science kemikali inayoiondoa protini nyingine, WIZ, ambayo nayo huchangia kuizima jeni ya gama. Wakati wa ripoti hiyo ilikuwa imejaribiwa kwa wanyama tu, na njia ya kufika kwa mgonjwa ni ndefu. Ila inaelekea kwenye kidonge, na kidonge hufika mahali ambapo chumba cha kupandikiza uloto hakifiki.

Tena kipo kidonge kingine ambacho tayari kinatumika. Haidroksiyurea, iliyoidhinishwa Marekani kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998, huongeza himoglobini ya kijusi. Kwa miaka mingi ilihofiwa kwamba ingewadhuru watoto wa Afrika wanaoishi na malaria. Utafiti uitwao REACH, uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, uliwapa dawa hiyo watoto 606. Ikilinganishwa na kabla ya kuanza dawa, matukio ya maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria ilipungua kwa takriban nusu, haja ya kuongezewa damu ilishuka kwa karibu theluthi mbili, na vifo vilipungua. Dawa hiyo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inahitaji vipimo vya damu vya mara kwa mara, lakini haihitaji mamilioni ya dola.

Wapo wanaoona kwamba nchi zenye upungufu wa dawa za kawaida hazina haja ya kujishughulisha na sayansi ya jeni. Hoja hiyo ina uzito pale fedha zinapokuwa chache, ila inatenganisha mambo yanayokwenda pamoja. Mtoto asiyepimwa anapozaliwa hatapata haidroksiyurea leo, wala hatapata dawa bora zaidi kesho, kwa kuwa inakadiriwa kwamba katika Afrika zaidi ya nusu ya watoto wa aina hiyo hufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Kipimo cha tone la damu kutoka kisiginoni ndicho mlango wa yote mengine. Na daftari la watoto waliopimwa ndilo msingi wa utafiti ambao Dar es Salaam na Kampala zimekwisha kuonyesha kwamba zinaweza kuufanya.

Elimu hiyo ina kazi nyingine ndani ya nyumba. Katika familia nyingi mtoto anapogundulika kuwa na selimundu, lawama humwangukia mama, au hutafutwa mchawi. Sayansi inasema vingine: ugonjwa hautokei ila wazazi wote wawili wawe wamebeba jeni hiyo, na kwa kila ujauzito wa wazazi wa namna hiyo kuna uwezekano wa mmoja kati ya minne wa kupata mtoto mgonjwa. Hakuna aliyekosa.

Kwa hiyo kipimo cha serikali za ukanda huu katika miaka ijayo hakitakuwa ni nani aliyeweza kununua Casgevy. Maswali ya kuwauliza mawaziri wa afya ni mepesi zaidi, na majibu yake yanaweza kuhesabiwa: ni watoto wangapi wamepimwa walipozaliwa mwaka huu, ni wangapi kati ya wagonjwa wanaopata haidroksiyurea kila mwezi bila kukatizwa, na ni watafiti wangapi wa hapa wanaolipwa kuichunguza damu ya watu wa hapa.